Bodaboda alinidai elfu kumi Fire hadi Magomeni usiku wa mafuriko: serikali ipange bei au tuliachie soko?

Mpita Jangwani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Hili nimelibeba tangu masika iliyopita, leo nalitua jamvini.

Ilikuwa saa mbili usiku. Mvua ilianza alasiri, mwendokasi wakasitisha huduma, Jangwani maji yamevuka barabara. Pale kituoni Fire, hapa Dar, tumejazana, viatu mkononi, simu kwenye mfuko wa nailoni. Bodaboda akanitajia elfu kumi hadi Magomeni Mapipa, kwa kuzunguka Salenda na Kinondoni. Siku ya jua ni elfu mbili. Nikajaribu kubembeleza, akaniambia, "Kaka, kama unaona nyingi, huyo nyuma yako anaitaka." Nikapanda, maana nilikuwa na mtoto.

Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja, muuguzi kwa sare yake, anaingia zamu ya usiku. Alikuwa na elfu nne. Nilipogeuka kuangalia nyuma alikuwa bado amesimama, anampungia kila pikipiki inayopita.

Sasa swali langu. Ule ni ulanguzi au ni biashara? Mvua inapopiga, serikali itangaze bei kikomo ya usafiri, maji, sukari, mabati? Au tukubali kwamba soko ndivyo lilivyo? Naomba hoja, matusi pelekeni kwenye uzi wa mpira.

Konda Mstaafu

Mkuu, nimening'inia mlangoni miaka tisa, nikwambie kitu ambacho wa kwenye gari dogo hawakijui.

Daladala tayari ina bei kikomo. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, walipanga Desemba 2023: safari isiyozidi kilomita kumi ni 600, jua liwake, mvua inyeshe. Mvua ikinyesha kinatokea nini? Tunakata ruti. Gari la Gerezani kwenda Makumbusho linaishia Magomeni, konda anapiga debe upya, mnalipa tena 600. Au gari linapakwa "private", dereva analala nalo nyumbani. Foleni ya saa tatu inakula mafuta ya tripu nne, maji yanaingia kwenye breki, na bosi anataka hesabu yake kamili usiku ule ule, hajali kama Jangwani kuna bahari.

Kwa hiyo bei haikupanda, ila abiria amelipa mara mbili au amelala kituoni. Ukimpangia na bodaboda bei ya mvua, atafanya alichofanya dereva wangu. Atalala.

Duka la Pembeni

Konda umenigusa. Mimi nina duka la rejareja Mbagala, naomba niongelee sukari ya mwaka 2024 kwa sababu ile ndiyo ilikuwa darasa.

Mvua za El Niño ziliingia mashambani mwishoni mwa 2023. Miwa ikisimama kwenye maji trekta haliingii kuvuna, na hata ukivuna utamu umeshuka, kiwanda kinapata sukari kidogo kwa miwa ile ile. Mzigo ukapungua. Kufika Januari, mtaani kilo imeshapita elfu nne, kuna sehemu elfu tano. Bodi ya Sukari ikatoa tangazo la bei kikomo, rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kufuatana na kanda.

Sasa piga hesabu na mimi. Mfuko wa kilo hamsini niliununua 190,000, yaani kilo 3,800 kabla sijaweka guta na nailoni. Nikiuza kwa bei ya tangazo, kila kilo nachoma pesa yangu. Nikafanya kama wenzangu, nikaitoa kwenye rafu. Ikakaa chini ya kaunta ndani ya ndoo ya rangi, nikawa nampimia ninayemjua, robo robo, kwa bei ya kunong'onezana. Mwenye sura ngeni nilimwambia imeisha. Wakaguzi wakapita, wakakuta rafu nyeupe, wakaondoka.

Nani aliumia? Jirani yangu mwenye Prado alitumiwa mfuko mzima kutoka kwa shemeji yake. Mama ntilie ambaye chai yake ndiyo mtaji ndiye aliyezunguka maduka sita asubuhi. Bei ya tangazo ilikuwepo. Sukari ya bei hiyo ndiyo hakuiona.

Kilichoshusha bei ni vibali vya kuagiza nje na viwanda kurudi kazini, mzigo ukaingia. Tangazo halikushusha kitu.

Babu wa Ilala

Watoto mnasimulia kama mmegundua moto. Mwaka 1983 Sokoine alipowasha vita ya wahujumu uchumi, sabuni zilitupwa barabarani usiku na wenye nazo, kwa woga. Kabla ya hapo tulikuwa na maduka ya kaya, bei zimepangwa kila kitu hadi kiberiti, na ukitaka kununua kilo ya sukari unaambiwa uchukue na jembe. Nilikuwa na majembe manne na sina shamba.

Lakini nisimamie upande wa pili pia, maana naona mnapigiana makofi. Walanguzi walikuwepo kweli. Wapo wanaoficha mzigo *kabla* ya uhaba ili uhaba wenyewe uje. Huyo huwezi kuniambia anapeleka ujumbe wa soko.

Lori la Kusini

Mimi nitoe ushuhuda wa Somanga.

Mei 2024, kimbunga Hidaya. Barabara ya Lindi kuja Dar ikakatika, malori na mabasi tukapanga mstari ambao mwisho wake huoni. Usiku wa kwanza chupa kubwa ya maji ilikuwa elfu tatu, chapati elfu moja, na chapati yenyewe unaona mwezi ukiiinua juu. Abiria walitukana sana. Kuna mzee alitaka twende kwa mwenyekiti wa kijiji akaamuru bei.

Mwenyekiti hakuhitajika. Kesho yake asubuhi bodaboda wa Nangurukuru walikuwa wamesikia habari. Wakaja na madumu, mikate, mihogo ya kuchemsha, mmoja kabeba friji la soda mgongoni mwa pikipiki, sikudanganyi. Jioni ya siku ile maji yalikuwa elfu moja na mia tano, chapati mia tano. Ingekuwa usiku wa kwanza bei imefungwa kwenye ile ya kawaida, nani angetoka Nangurukuru kwenye tope lile kwa faida ya shilingi mia?

Ila barabara haikufunguliwa na muuza chapati. Ilifunguliwa na magreda ya serikali, na mawe yaliyomwagwa usiku na mchana. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeyamwaga yale mawe kwa pesa yake ili sote tupite bure. Kila upande una kazi yake, shida ni pale mmoja anapong'ang'ania kazi ya mwenzake.

Kichwa Ngumu

Nafundisha uchumi, nitajaribu nisiwachoshe.

Marekani wanabishana hivi hivi. California ina sheria: ikitangazwa hali ya hatari, kupandisha bei zaidi ya asilimia 10 ni kosa. Wachumi wengi wanaipinga kwa sababu zile zile za Duka la Pembeni na Lori. Kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans mwaka 2005, malori ya Walmart yalifika na maji sehemu nyingine kabla ya yale ya shirika la serikali la maafa, FEMA. Siyo kwa upendo. Kampuni ile inajua kila usiku ni chupa ngapi ziko wapi, na meneja wa duka aliruhusiwa kuamua bila kuomba sahihi makao makuu. Ofisa wa serikali anayefungua ghala bila kibali anahatarisha kazi yake, anayechelewa na kibali mkononi yuko salama. Hilo halihitaji mtu mbaya, ni utaratibu tu unavyomlipa.

Lakini rudini kwa muuguzi wa mleta mada. Bei inapeleka ujumbe, sawa, ila inamsikia mwenye pesa tu. Amartya Sen aliiona njaa ya Bengal ya 1943 akiwa mtoto, na alipokuwa mchumi akaonyesha kwamba watu walikufa huku chakula kikiwepo, kwa sababu ujira wao haukuweza tena kukinunua. Bodaboda yule wa elfu kumi anaweza kumpeleka nyumbani mtu anayewahi mechi na kumwacha anayekwenda kuhudumia wodi. Kwa soko, aliyelipa zaidi ndiye anayehitaji zaidi. Wote tunajua si kweli.

Kwa hiyo mimi sisemi mpange bei. Nasema mlipieni asiyeweza. Hospitali iwe na makubaliano ya kudumu na madereva kwa siku za mvua, kwa bei ya siku hiyo. Kaya maskini zitumiwe pesa kwenye simu siku ile ile, majina TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, wanayo. Bei ibaki juu iwaite wauzaji, na mnyonge apewe sauti sokoni.

Mpangaji wa Bondeni

Mwalimu umeongea vizuri, ila wote hapa mnaongelea *usiku* wa mvua. Sisi wa bonde la Msimbazi mvua tunailipa mwaka mzima.

Chumba changu ni 30,000 kwa mwezi. Ukipanda juu kidogo upande wa Magomeni, chumba kama hicho ni 60,000, tena anataka miezi sita. Tofauti kwa mwaka ni 360,000. Maji yaliyoingia mara ya mwisho yalichukua godoro, subufa, na mota ya cherehani. Cherehani yenyewe niliiwahi nikaining'iniza kwenye kenchi kwa mkanda wa begi. Hasara kama laki tatu na nusu. Hayaji kila mwaka. Sasa niambieni mjinga hapa ni nani?

Ukutani kwangu kuna mistari miwili ya matope, wa chini usawa wa goti, wa juu usawa wa swichi. Mwenye nyumba akija kudai kodi nauegemea ule wa juu. Anapunguza.

Watu wa semina wanakuja kutuambia "hamieni sehemu salama" kama vile hatujui maji yanapita wapi. Tunajua kuliko wao. Ndiyo maana friji liko juu ya matofali manne. Kinachokosekana ni ile kodi ya miezi sita mbele, 360,000 kwa mkupuo. Mtoto akiumwa mwezi huo, hesabu yote imekufa.

Kichwa Ngumu

Nimekupa heshima yako. Watafiti wa Benki ya Dunia walikadiria hasara za kaya za Dar kwa mafuriko ya Aprili 2018 tu kuwa zaidi ya dola milioni 100. Godoro moja moja, mota moja moja. Hakuna aliyeziandika kwenye kitabu cha serikali, zilibebwa na watu kama wewe.

Nshomile wa Kigamboni

Ngoja sasa mimi wa Kagera niwatibue.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la 5.9. Nyumba ya mama yangu ilipasuka kuanzia lenta hadi msingi. Michango ikamiminika nchi nzima. Mara tunasikia baadhi ya viongozi wa mkoa wametumbuliwa kwa kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Kisha Januari 2017 Rais Magufuli akaja akasema wazi: serikali haikuleta tetemeko, haitamjengea mtu nyumba, kila mtu ajenge yake, pesa zitarekebisha shule, hospitali na barabara. Nilikasirika wiki nzima.

Halafu nikajiuliza kama mhasibu. Shule ni ya wote, hakuna atakayeijenga peke yake. Nyumba ya mama inaye mwenyewe, nayo ni mimi. Tukachanga ndugu kumi na mmoja, nikajenga, safari hii na nondo kwenye kona. Kama ningekuwa na uhakika nitajengewa, ningeweka nondo? Sidhani. Yupo mchumi Mmarekani, James Buchanan, aliandika mwaka 1975 juu ya msamaria ambaye wema wake unamfanya msaidiwa asijihangaikie. Nilimsoma chuoni, nikamwelewa Bukoba.

Sasa kinachoniuma. Desemba 2023 maporomoko ya Hanang yanatokea, watu 89 wanafariki, na serikali inawajengea waathirika nyumba kijiji cha Waret. Siwaonei wivu, walipoteza vibaya mno. Ila naomba kujua kanuni ni ipi. Kagera jenga mwenyewe, Hanang unajengewa. Mpangaji wa Bondeni ashike fatwa gani?

Kiwanja Mabwepande

Usisahau na sisi wa Desemba 2011. Tulitolewa bondeni, tukapewa viwanja Mabwepande. Nashukuru, kiwanja ninacho hadi leo. Ila kazi yangu ilikuwa kuchambua nyanya Kariakoo kuanzia saa kumi alfajiri. Saa kumi alfajiri kutoka Mabwepande mwaka 2012 unakuja na nini? Wenzangu wengine waliuza wakarudi Jangwani ndani ya mwaka. Mkawaita watu wasiosikia. Walipewa ardhi, wakanyang'anywa nauli.

Halafu angalieni kilichofuata. Desemba 2015 na Januari 2016 ikaja bomoabomoa, alama ya X nyekundu, hakuna fidia, wewe ni mvamizi. Miaka michache mbele ukaja mradi wa Bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, na mara hii aliyekuwa bado yumo analipwa ili atoke. Aliyeondolewa mapema alipata kifusi, aliyekomaa akaitwa kusaini fomu. Na katikati ya bonde hilo hilo ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, ikafurika. Mnatufundisha nini hapo?

Bima Ndogo

Mbona hakuna aliyetaja bima? Nchi za wenzetu nyumba zina bima.

Vitz Iliyozama

Bima? Kaa hapa mdogo wangu.

Ile stika ya 118,000 unayokata kila mwaka ni ya kumlipa uliyemgonga. Gari lako likizama ni lako. Mimi nilikata bima kubwa, asilimia tatu na nusu ya thamani ya gari, nikajiona mjanja. Likazimika kwenye maji Kigogo, nikapiga stata tena ili nitoke. Kampuni, sitaitaja, ikaniambia ungeliacha lilivyo tungelipa, ulipowasha ndipo injini ikavuta maji, kosa ni lako. Ilikuwa ukurasa wa kumi na nne, herufi za mchwa.

Na msidhani serikali nazo hazipigwi na herufi za mchwa. Jamaika walinunua hati ya maafa ya dola milioni 150: kimbunga kikifikia kipimo fulani, wanalipwa bila kukaguliwa nyumba kwa nyumba. Julai 2024 kikaja Beryl, kikaharibu, lakini kipimo cha mgandamizo wa hewa hakikufika, wakapata sifuri. Oktoba 2025 Melissa akaja na nguvu zote, wakalipwa yote. Pesa ya haraka kuliko msaada wowote, ila lazima uharibikiwe *kwa namna iliyoandikwa*.

Kichwa Ngumu

Na hata hiyo bima ya mafuriko ya serikali ya Marekani, iliyoanza 1968, iliuzwa rahisi kwa wanaojenga kandokando ya maji hadi mfuko ukazama kwenye madeni. Mwaka 2017 Bunge lao likafuta dola bilioni 16. Bei ikishadanganya, inadanganya tu, iwe ya sukari au ya bima.

Babu wa Ilala

Kwa hiyo bei ya bondeni inasema kweli na ya serikali inasema uongo? Basi hamisheni wizara iende Jangwani.

Mpita Jangwani (mleta mada)

Nimesoma yote, nashukuru. Nimekuja na mrejesho.

Juzi nimekutana na yule bodaboda wangu, anapaki pale pale Fire. Nilidhani hatanikumbuka. "Wewe si yule wa mtoto na begi la shule?" Nikamuuliza ile elfu kumi ilikwenda wapi. Akacheka, akanyanyua siti akanionyesha. Usiku ule baada ya kunishusha alirudi kuchukua mwingine, pikipiki ikala maji Kinondoni Mkwajuni, akaisukuma hadi saa sita. Plagi, bearing, oili mbili, fundi: 48,000. Wiki nzima hakupeleka hesabu kwa tajiri. Nikamuuliza kama alimwona yule muuguzi. Akasema kuna dada mwenye sare alipandishwa na mwenzake kwa elfu nne, "kwa sababu alimzalisha mke wake."

Bado sijui kama alikuwa mlanguzi. Ila hasira zangu zimehama, sasa naziona zinaelekea kwa yule tajiri mwenye pikipiki, aliyekaa nyumbani pakavu akisubiri hesabu.

Swali la kanuni la Nshomile ndilo sijapata wa kulijibu. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, ina mfuko wake wa taifa. Aliyeisoma vizuri aje atuambie kama mtu wa bondeni anaweza kujua *kabla* ya mvua atapewa nini na hatapewa nini.

Mama Viroba

Mimi si msomi, nauza viroba vitupu vya kujazia mchanga, Tandale kwa Mtogole. Masika inakaribia. Leo kiroba ni 300. Mvua ikianza ni 700, kwa sababu na mimi huyo anayeniletea atapandisha, na mlango wangu wa nyuma nao unahitaji viroba kumi na viwili.

Njooni sasa. Msije mkanifungulia uzi.

Mpangaji wa Bondeni

Mama niwekee ishirini, nakuja Jumamosi. Nalipa kumi sasa, kumi mwisho wa mwezi?

Mama Viroba

Kumi na tano sasa.